Mavyaa anarudi kabla ya Idi, asumini zake zinaungua mikononi mwangu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Tanga mjini, na ndoa yangu ina mwaka na miezi michache. Nimezaliwa Dodoma, nikakulia nyumba ya kupanga yenye uwanja wa saruji. Maua niliyoyajua mimi ni yale ya plastiki juu ya televisheni. Nakwambia hivyo ujue unaongea na nani.

Tunakaa nyumba moja na mavyaa, mama wa mume wangu. Ni mtu mwema, simsemi. Ila ana bustani, na bustani ile ni kama mtoto wake wa mwisho. Mbele ya baraza kuna vichaka viwili vya asumini, vimenizidi urefu. Kuna mawaridi saba kwenye madebe, mrehani kando ya ukuta wa jiko, bogenvilia getini na mlangilangi mmoja kule nyuma. Dirishani ana chungu kidogo chenye kiua cha zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la paka, na hataki mtu akiguse.

Mwishoni mwa Novemba alisafiri kwenda Muscat kwa mwanawe mkubwa, mkewe amejifungua. Siku ya kuondoka alinikabidhi bustani, lakini teksi ilikuwa imeshapiga honi mara tatu na maelekezo yenyewe niliyapata nusunusu, mengine akiyasema na mlango wa gari umeshafungwa.

Nikaamua nitamfurahisha. Nilianza na usafi. Nikafyeka majani yaliyoota ovyo, nikafagia majani makavu yote yaliyojaa chini ya asumini hadi udongo ukawa mweupe kama sahani, nikamwaga pipa la maji ya kijani lililokuwa nyuma ya jiko limejaa viluwiluwi vya mbu. Januari jua likawa kali. Saa saba mchana nilikuwa naona majani yamelegea, basi saa saba hiyohiyo ndiyo nikawa namwagilia, kila siku. Maji natumia ya kisima kwa sababu ya bomba yanakatika. Kwenye duka la pembejeo nikauziwa urea, nikaweka konzi moja kila shina, na baada ya wiki mbili nikarudia.

Mwanzoni asumini zilitoa majani ya kijani ya kupendeza. Maua, machache sana. Sasa hivi hata majani yenyewe yanaungua kwenye ncha na pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Kwenye maungio ya matawi kuna vipamba vyeupe vinavyonata, na sisimizi wanapanda na kushuka kama wana zamu. Mawaridi mawili yamebaki miiba. Kiua cha dirishani nilikitoa nje kipate jua, kimepata madoa ya kahawia. Kinachonishangaza ni bogenvilia. Hiyo sijaipa hata kikombe kimoja, mpira haufiki getini, na imefunika geti zima kwa rangi.

Ushauri nimepewa. Jirani anasema nikate asumini zote hadi usawa wa goti. Shemeji anasema niongeze mbolea. Mume wangu anasema tusubiri mvua. Huyohuyo paa likivuja husema tusubiri kiangazi.

Sasa Ramadhani ndiyo kwanza ina wiki moja, na mavyaa anarudi siku chache kabla ya Idi. Halafu wifi yangu anaolewa katikati ya mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, na mavyaa ameshawatangazia watu kuwa asumini ya vikuba, vile vishada vya kunukia vya kuvaa, na ya koja la bibi harusi itatoka kwake nyumbani, hainunuliwi. Kila akipiga simu ananiuliza, "Asumini hazijambo?" Nami najibu, "Hazijambo, mama." Juzi aliniomba nimtumie picha. Nikamtumia ya bogenvilia.

Shangazi, nikate au nisikate? Zitachanua kabla ya harusi? Na nimwambie, au ninyamaze hadi afike?

Mkamwana, Tanga


Marahaba, mwanangu, na Ramadhani njema.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye picha ya bogenvilia. Mara ya pili nilikwama kwenye pipa.

Hilo pipa la nyuma ya jiko halikuwa chini ya bati? Kama lilikuwa chini ya bati, basi hayo hayakuwa maji machafu. Yalikuwa maji ya vuli. Mavyaa wako aliyakinga mvua za Oktoba na Novemba, akayaacha hapo yangoje miezi hii ya Januari na Februari, na nina hakika jambo hilo ni mojawapo ya yale aliyokuwa akiyasema na mlango wa teksi umefungwa. Ukijani ule ni ukoga tu, mimea haidhuriki nao. Mbu ni kweli, hukukosea kuwaogopa, lakini dawa yao ilikuwa kipande cha chandarua kikuukuu na kamba ya kukifungia mdomoni mwa pipa.

Kwa nini mtu mwenye kisima uani akinge mvua? Kwa sababu ya mahali mnapoishi. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na chini ya mawe hayo maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Mvua ikinyesha, matamu yanajaa. Kiangazi kikirefuka, watu wanachota, matamu yanapungua, na ya chumvi yanapanda. Kisima kilekile kilichokuwa na maji mazuri Desemba, Februari kinaweza kukupa maji ambayo hata sabuni haitoi povu. Wewe ulianza kukitegemea wakati ambao mavyaa wako hukiacha.

Usinisadiki kwa maneno. Leo ukishafuturu, chota maji ya kisima kikombe kimoja, yachemshe kwenye sufuria safi hadi yakauke kabisa, kisha pitisha kidole chini. Ukikuta ukungu mweupe, gusisha ulimi. Chokaa haina ladha kubwa, chumvi utaijua mwenyewe. Halafu nenda kwenye asumini uangalie ni majani yapi yameungua zaidi. Kiu hulegeza kichaka chote, machanga yakitangulia. Chumvi huanza na majani makongwe, kwenye ncha, ikatambaa pembeni mwa jani huku katikati bado ni kijani. Wewe mwenyewe umeandika "kwenye ncha na pembeni".

Kisha ukaongeza urea. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na naitrojeni nyingi kazi yake ni majani. Ndiyo maana ulipata kijani cha kupendeza na maua ya kuhesabu. Zaidi ya hapo, mbolea ya dukani ikiwekwa kwenye udongo uliokauka na wenye chumvi, inakuwa chumvi juu ya chumvi. Mzizi unashindwa kunywa hata maji yakiwepo. Shemeji yako mshukuru kwa nia yake, na mfuko huo ufunge uuweke juu ya kabati.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kukata. Ni kuosha udongo.

Kwaruza kwa mkono ule ukoko mweupe ulio juu ya ardhi kuzunguka mashina, utoe kabisa nje ya bustani. Kisha tafuta maji matamu. Ya bomba yakirudi usiku, jaza kila chombo ulicho nacho. Kama nyumba ina kiyoyozi, tega ndoo chini ya ule mrija wa nje, maji yale hayana chumvi na watu wanayaacha yachore ukuta bure. Kila kichaka kipe ndoo mbili za lita 20, ukimimina polepole kwa kopo, nusu saa nzima, ili maji yashuke na chumvi badala ya kukimbilia barabarani. Baada ya siku tatu rudia. Baada ya hapo, mwagilia mara moja kila siku tatu au nne, maji mengi kwa mpigo. Kijikombe cha kila siku kinalowesha inchi mbili za juu, jua linavuta maji, chumvi inabaki palepale. Mwezi na nusu umekuwa ukipika chumvi pale chini bila kujua.

Saa ya kumwagilia ni alfajiri. Bahati nzuri mwezi huu wote mnaamka daku. Ukishaswali, toka na kopo lako. Usidanganywe na majani ya saa saba mchana. Upepo huu wa kaskazi na jua hili, asumini yoyote italegea mchana hata ikiwa imesimama kwenye tope. Ukitaka kujua kama ina kiu kweli, itazame alfajiri kabla jua halijatoka. Ikiwa bado imelegea saa hiyo, ndiyo ina kiu.

Yale majani makavu uliyoyafagia nayo yalikuwa na kazi. Lilikuwa ni blanketi. Huwezi kuyarudisha, lakini uko Tanga, na Tanga haikosi makumbi ya nazi. Yapasue, yapange chini ya asumini unene wa kiganja, ukiacha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina lenyewe lisije likaoza. Tahadhari moja: yaulize yametoka wapi. Makumbi yanayouzwa na wasokota kamba huenda yamefukiwa ufukweni miezi kadhaa, yamenywa bahari hadi yametosheka. Hayo yakiingia bustanini tumerudi tulikotoka. Chukua ya muuza madafu au ya jikoni kwako. Na mtu akikwambia uweke majivu, mkatalie kwa adabu. Udongo wa matumbawe tayari una chokaa ya kutosha, majivu yanauongezea kilekile.

Sasa hao weupe wanaonata. Hao ni vidung'ata, ndugu zao ndio wanaosumbua mihogo. Wananyonya utomvu, wanatoa maji matamu nyuma, na sisimizi wamekuja kwa ajili ya hayo maji. Tena sisimizi si wageni tu, wanawalinda vidung'ata na maadui zao na kuwahamishia matawi mapya, kama mchunga na ng'ombe wake. Ukiua vidung'ata ukawaacha sisimizi na njia yao, wiki ijayo wamerudi. Kwa hiyo kwanza kata matawi yanayogusa ukuta na yale yanayoburura chini, yawe madaraja machache. Halafu pulizia maji kwa nguvu kwenye maungio, utawaona wanaanguka. Jioni, chukua lita moja ya maji matamu, tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, pulizia juu na chini ya majani, asubuhi suuza. Jaribu tawi moja kwanza, ungoje siku mbili. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, inaunguza. Mwarobaini nao unafaa: twanga majani, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, pulizia. Rudia kila baada ya siku tano, mara tatu au nne, maana mayai yao yamejificha ndani ya ile pamba na sabuni haiyafikii yote.

Tukija kwenye mkasi. Jirani yako hajasema uongo, amekosea siku. Asumini yenye afya inaweza kukatwa hadi gotini mvua zikishika, ikarudi kama msitu. Lakini kichaka ambacho mizizi yake imelowa chumvi hakina akiba. Ukikikata chote Februari, kinatumia nguvu za mwisho kutoa majani, jua linayapiga, kwisha. Wewe una vichaka viwili, na harusi ni moja. Kichaka kilichoungua zaidi usikikate sasa, kioshe tu na ukifunike kwa makumbi, mkasi kitauona masika yakishaingia, mwishoni mwa Machi au Aprili. Kile chenye nafuu kioshe mara mbili kama nilivyosema, kipe siku kumi, ndipo ukiguse.

Chukua mkasi mkali, si panga, si kisu cha samaki. Ufute kwa spiriti. Anza na matawi unayoyashuku: kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Chini yake kukiwa kijani na unyevu, tawi lina uhai. Kukiwa kahawia, shuka nalo chini ukikwaruza hadi ukutane na kijani, ukate hapo. Hayo makavu yote yakitoka, utaona kichaka kimekuwa kidogo kuliko ulivyodhani. Kisha yaliyobaki yapunguze theluthi moja ya urefu, si zaidi, ukikata juu kidogo ya jozi ya majani. Majani ya asumini hukaa mawili mawili, yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani kuna jicho. Ukikata ncha moja, macho mawili yanaamka. Na asumini hutoa maua kwenye ncha za matawi mapya. Ndiyo hesabu nzima ya kukata asumini hiyo: ncha moja kuzifanya mbili. Kama mavyaa alikwambia usikate, alikuwa anakuogopa na panga.

Tuhesabu harusi. Ukikata mwisho wa Februari, mfunguo pili katikati inaangukia wiki saba au nane baadaye. Kwangu mimi, asumini iliyokatwa vizuri na yenye maji hunitolea matumba ya kwanza kati ya wiki ya sita na ya nane. Inawezekana basi, lakini usimwahidi mtu yeyote kikapu kizima. Kichaka kimoja kilichotoka kuugua kitatoa vikuba vya familia. Koja la bibi harusi ni habari nyingine, lile linakula maua mamia. Nenda mapema kwa wale wanawake wanaouza asumini, weka oda, toa na kitu cha kushika. Kama ya nyumbani yakitosha, ya kununua utawagawia wageni. Mavyaa ametangaza "hainunuliwi", najua. Na yeye ni mtu wa bustani, anajua bustani haisomi kadi ya harusi.

Mbolea ngoja mvua. Masika yakishanyesha mara mbili tatu na ukaona vichipukizi, weka samadi ya ng'ombe iliyooza, isiyo na harufu, nusu debe kila kichaka, mbali kidogo na shina. Ya kuku iache, ni kali.

Kikuba hakitengenezwi kwa asumini peke yake, na mrehani ndio kitu ambacho kwa hakika unaweza kuwa nacho tele siku ya harusi. Ule wa ukutani umeshatoa mashuke, sivyo? Kata mashuke yote. Chukua vijiti kumi vya urefu wa kidole, toa majani ya chini, visimamishe kwenye glasi ya maji dirishani. Ndani ya wiki mbili vina mizizi. Panda kwenye makopo, kivulini kwanza.

Mawaridi ya kwenye madebe yanateseka kuliko yote kwa sababu chumvi haina pa kwenda. Hakikisha madebe yametobolewa chini, yasogeze mahali yanapopata jua la asubuhi tu, na yaoshe kwa maji matamu hadi yatiririke chini. Mawili yaliyobaki miiba, fanya ule mtihani wa ukucha kabla ya kuyatupa. Usitarajie makubwa. Waridi ni mtu wa Lushoto, huku chini kwenye joto anavumilia tu. Mlangilangi uache ulivyo.

Bogenvilia umeuliza kwa mshangao, nami nitakujibu kwa furaha maana ndiyo mmea uliotunza vizuri kuliko yote. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hupenda kunyimwa. Ukiipa maji kila siku inakupa majani na miiba. Ukiisahau wakati wa jua kali inajipamba. Tena ile rangi iliyofunika geti si maua. Chuma kijipande kimoja, utaona majani matatu membamba kama karatasi, na katikati yake vijiua vyeupe vidogo kama njiti ya kiberiti. Hivyo ndivyo maua, yale mengine ni majani yaliyovaa nguo ya harusi. Rangi ikipauka, kabla masika hayajashika, punguza matawi marefu, uvae kitu kizito mikononi.

Kiua cha dirishani kirudishe ndani leo, si kesho. Kwa maelezo yako ya majani yenye manyoya, hicho ni kile Wazungu wanachokiita urujuani wa Afrika, na hapo umeshika kitu cha kwenu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala upande huo, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao, wakakipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na asili yake ni vivuli na mawe yenye unyevu ya Usambara na sehemu za jirani. Hakijawahi kupenda jua. Kiweke mbali kidogo na kioo, mwagilia udongo kutoka chini kwenye kisahani, maji yasiguse majani, na yale yenye madoa yatoe kwa kuyakatia chini kabisa. Jani moja zima ukilichomeka na kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu linaota mche mpya. Kwa hiyo hata kikifa, hakijafa.

Limebaki swali lako la mwisho, nalo ndilo lililokufanya uandike.

Usinyamaze. Umesema "hazijambo" tangu Januari, na huyo mtu akishuka tu kwenye gari ataona kwa hatua tano. Akiona mwenyewe, ugomvi hautakuwa wa asumini tena, utakuwa wa simu zote hizo. Lakini pia usimpigie kulia na kuungama, atakaa na mtoto mchanga Muscat akili yake iko Tanga na hana la kufanya. Mpigie leo usiku baada ya tarawehe, wao wametutangulia saa moja tu, atakuwa bado macho. Mtumie picha ya asumini, ile ya kweli, jani lililoungua ulishike karibu na kamera. Mwambie kisima kimeingia chumvi, na kwamba umeanza kuosha udongo. Kisha muulize, "Mama, lile pipa la vuli nililimwaga kwa kutojua. Huwa unalitega bati la upande gani?"

Atanyamaza kidogo. Mwache anyamaze. Kalamu iwe karibu, maana akianza kueleza hatamaliza upesi, na safari hii hakuna teksi inayopiga honi.